Njooni Mtahini Lodwar: Barua ya Wazi kwa Baraza la Wauguzi Kenya

Kwa Mwenyekiti, Msajili na wajumbe wa Baraza la Wauguzi Kenya, Nairobi.

Waheshimiwa,



Nawaandikia kuhusu wauguzi ambao hamjawaona kwenye foleni yenu, na si ajabu: foleni yenu iko Nairobi, nao hawaruhusiwi kutoka kambi ya wakimbizi ya Kakuma bila kibali cha kusafiri. Wapo wa Uvira na Bukavu, wa Bujumbura, wa Malakal, wa Jimma, wa Khartoum. Walisomea kazi hii, wakaifanya kwao mpaka siku vita ilipowatoa mbio. Leo wamo katika zahanati za kambi wakipima joto, wakipanga foleni, wakimwinua mgonjwa, wakitafsiri. Uuguzi wenyewe wanaufanya kwa mlango wa nyuma, na anayetia sahihi ni mtu mwingine.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Turkana hii hii. Nilianza kama msaidizi wa wodi pale hospitali ya Lopiding enzi za Msalaba Mwekundu, nikaenda chuo, nikarudi na leseni yenu, na nimekuwa nikiihuisha kila ilipotakiwa. Kwa hiyo siandiki kama adui wa leseni. Kinachoniudhi ni kwamba kuna watu ambao hawawezi hata kuambiwa wamefeli, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwatahini.

Nianzie hapa nyumbani. Kijana mliyempa leseni juzi akishuka Lokichoggio, yaani Loki, anakuta uwanja wa ndege ambao haulingani kabisa na mji, anauliza ulijengewa nani. Mwaka 1987 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilifungua hospitali ya vitanda 40 pale Lopiding kwa ajili ya majeruhi wa vita vya kusini mwa Sudan. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ukaanzisha Operation Lifeline Sudan, Loki ikawa ghala na kituo cha ndege za msaada, na Lopiding ikakua hadi kupita vitanda 500. Majeruhi waliletwa kwa ndege, wengine siku kadhaa baada ya kupigwa risasi. Wauguzi nao waliletwa kwa ndege: kutoka Norway, Finland, Uswisi, Japan, New Zealand.

Hao nao walikuwa wauguzi waliosomea nje wakafanya kazi Kenya. Makaratasi yao yalimalizwa huko juu, kati ya Geneva na Nairobi. Sisi wodini tuliona watu tu. Tuliona pia jinsi kazi ilivyowatesa mwanzoni. Aliyezoea mashine inayolia presha ikishuka alikuta presha ya hapa inasikilizwa kwa masikio. Aliyezoea kuona kidonda kikishonwa siku hiyo hiyo alifundishwa kwamba kidonda cha risasi kinasafishwa, kinafunikwa bandeji bila kushonwa, kinaachwa mpaka kama siku ya tano, ndipo kinashonwa, kwa kuwa ukiharakisha unafungia uozo ndani. Mgonjwa wa Kidinka aliweza kukataa kukatwa mguu mpaka wazee wa ukoo wake waulizwe, na wazee wenyewe wako ng'ambo ya mpaka. Mtoposa na Mturkana, ambao nyikani wanaibiana ng'ombe, walilala vitanda jirani na ilibidi mtu ajue nani asipewe fimbo ya kutembelea. Hakuna chuo cha Oslo kinachofundisha hayo.

Wakajifunza, kwa sababu walipewa nafasi ya kujifunza. Siku za mwanzo walishinda na mwenyeji begani. Walikuwa na mkalimani. Walikuwa na kiongozi wa zamu aliyeelewa kwamba mgeni, hata awe hodari namna gani, hajui kabati la dawa liko upande upi. Mimi msaidizi bila cheti nilimwonyesha sista wa umri wa mama yangu jinsi ya kumgeuza mgonjwa ambaye mguu wake umefungiwa uzito, naye siku hiyo hiyo akanifundisha kuusoma mfuko wa mkojo nikajua kama figo zinafanya kazi. Hakuna aliyeshuka cheo.

Na hao hawakuwa wa kwanza. Masista wa Kikatoliki wa shirika la Medical Missionaries of Mary walikuwa wakitibu Turkana tangu miaka ya 1960. Historia ya hospitali katika kaunti hii, ukiifuatilia, ni historia ya wauguzi waliosomea kwingine. Kisha vita vikaisha: amani ya Sudan ilitiwa sahihi Nairobi Januari 2005. Juni 2006 Lopiding ikakabidhiwa kwa Wizara ya Afya, na kazi ya Msalaba Mwekundu ikahamia Juba.

Wauguzi wa kigeni hawakuisha. Ila wa sasa hawakuja kwa ndege. Walipita mpaka wa Nadapal kwa miguu au juu ya lori, au walizunguka kupitia Uganda, wakafika kambi iliyofunguliwa mwaka 1992, ikaongezewa makazi ya Kalobeyei mwaka 2016, na ambayo sasa ina watu karibu 300,000. Wanaitwa watu wa insentivu. Yaani si mshahara. Ni kifuta jasho ambacho mashirika yalikubaliana kuwalipa wakimbizi kwa sababu hawana kibali cha kazi, nacho ni sehemu ndogo tu ya anachopata Mkenya anayefanya naye zamu moja. Tena tangu Marekani ikate misaada yake mwanzoni mwa 2025, hata mgao wa chakula umepunguzwa, na kwa familia nyingi hicho kifuta jasho ndicho kimebaki cha kununua unga.

Nitawaeleza usiku mmoja, katika zahanati moja ya kambi ambayo sitaitaja. Nilikuwa nimeitwa kusaidia mafunzo ya wakunga. Zamu ilikuwa ya msichana wa Kenya, mwaka wake wa kwanza na leseni, mchapakazi, mpole. Msaidizi wake alikuwa mama wa Kikongo, wa Uvira, aliyekuwa tayari anazalisha kabla msichana huyu hajaanza shule ya msingi. Saa nane za usiku akaletwa mjamzito wa Kirundi: kichwa kinamuuma, macho yanaona vimulimuli, uso umevimba. Mama akampima, akasema, "Sista, iko kumi na nane kwa kumi na moja."

Msichana akatabasamu kidogo, kama mtu anayetaka kumsahihisha mgeni bila kumwaibisha. Presha ya kumi na nane? Mama hakubishana. Alimgeuzia mita aone mwenyewe: 180 kwa 110. Kule wanakosoma kwa Kifaransa presha hutajwa kwa sentimita za zebaki. Sisi tunaitaja kwa milimita. Namba ni ile ile, imepungua sifuri tu. Lakini kwa mjamzito anayekaribia kifafa cha mimba, dakika mbili za kutoelewana zinaweza kuwa dakika mbili nyingi mno.

Kuanzia hapo mama yule ndiye aliyeongoza chumba, kwa sauti ya chini. Dawa ya magnesiamu: gramu nne kwenye mshipa, polepole, kisha gramu kumi za msulini, tano kila tako, pamoja na ganzi kidogo maana inachoma. Alimwambia msichana agonge goti aone kama linaruka. Ahesabu pumzi, zisishuke chini ya kumi na sita kwa dakika. Aweke katheta wajue mkojo. Kalsiamu iwe karibu, pengine magnesiamu ikazidi. Yote hayo aliyajua kwa Kifaransa akayasema kwa Kiswahili cha Kivu, na kila gramu ililingana na mwongozo wetu uliobandikwa ukutani. Sindano yenyewe hakuigusa. Haruhusiwi. Alisimama mikono nyuma, akimwelekeza mtu anayemwita sista na ambaye kwa umri ni bintiye.

Ambulensi ikaja, mgonjwa akapelekwa hospitali kuu ya kambi, akajifungua salama. Ukilifungua faili lake utakuta jina moja na sahihi moja.

Simlaumu msichana, alisikiliza, na wengi wa cheo chake hawasikilizi. Nawauliza nyinyi: mpango huu unamlinda nani? Leseni ipo ili mgonjwa ajue kwamba aliyemshika amepimwa. Hapa aliyefanya uamuzi hajapimwa na mtu yeyote Kenya, aliyepimwa ameazima akili ya asiyepimwa, na siku mambo yakiharibika hakuna rejista itakayoonyesha ukweli. Kama mama yule ni hatari, basi yuko chumba cha kujifungulia kila usiku na Baraza halimjui. Kama si hatari, mbona hashiki sindano?

Sheria haiwazuii. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, katika kifungu cha 28 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kuajiriwa, kufanya biashara, na kufanya taaluma yake pale ambapo sifa zake zimekubaliwa na mamlaka husika za Kenya. Kwa muuguzi mamlaka hayo ni nyinyi, chini ya Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257. Bunge limefungua lango la boma. Mlango wa nyumba una kufuli, na ufunguo mnao. Machi 2025 Rais akazindua Mpango wa Shirika, unaotaka kambi ziwe manispaa na huduma za mkimbizi na za mwenyeji ziwe kitu kimoja. Zahanati za mashirika zikiingia mikononi mwa kaunti, hawa wenzetu wataingia kama nani? Kaunti haina ngazi ya mshahara inayoitwa insentivu.

Kisha kuna Jumuiya ya Afrika Mashariki. Sudan Kusini ilijiunga nayo mwaka 2016, Kongo mwaka 2022, Somalia mwaka 2024. Burundi ilikuwamo zamani. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza 2010, katika ibara ya 11 inazitaka nchi wanachama zitambuliane vyeti vya elimu na vya taaluma. Wengi wa wauguzi ninaowazungumzia ni raia wa Jumuiya. Bidhaa zinavuka mpaka wa Malaba; vyeti vyao vimekwama.

Sasa makaratasi, maana hapo ndipo kazi inapokwama. Mnachomtaka aliyesomea nje kinaeleweka: cheti, matokeo ya masomo kutoka chuoni kwake, na barua ya baraza la kwao kwamba alisajiliwa na hana doa. Kwa Mwingereza ni suala la barua pepe mbili. Kwa aliyesoma Khartoum, mji wenye chuo chake ulikuwa uwanja wa vita tangu Aprili 2023. Kwa wa Goma na Bukavu, miji iliyotekwa na waasi wa M23 Januari na Februari 2025, amwandikie nani, serikali ya Kinshasa au walioshika ofisi? Mrundi aliyekimbia mwaka 2015 kwa sababu za siasa akiiomba serikali yake barua ya tabia njema, ameishaitangazia alipo, na ndugu zake wako kule kule.

Yapo hata ya kuchekesha, kama mtu ana moyo wa kucheka. Kongo haikuwa na chombo cha wauguzi kama chenu mpaka sheria ya mwaka 2016 ilipounda Ordre des Infirmiers. Mtu aliyefanya kazi miaka kumi na kukimbia kabla ya hapo anaombwa barua ya usajili kutoka kwa baraza ambalo halikuwapo. Na Mhabeshi mmoja alirudishiwa fomu zake na ofisi fulani kwa sababu tarehe za cheti hazikulingana na umri wake: cheti kilikuwa kimeandikwa kwa kalenda ya Ethiopia, iliyo nyuma ya yetu kwa miaka saba au minane. Karani aliona udanganyifu. Angemuuliza mwenye duka lolote la Kihabeshi pale Kakuma angejibiwa kabla chai haijapoa.

Halafu kibali. Idara ya Uhamiaji ina kibali cha kazi cha daraja M kwa wakimbizi, na mwombaji anahitaji mwajiri wa kumpendekeza. Mwajiri anataka leseni kwanza. Leseni inataka makaratasi. Makaratasi yanataka safari ya Nairobi, na safari inataka kibali cha kutoka kambini. Kila ofisi katika mzunguko huu inafuata utaratibu wake sawasawa, na matokeo yake ni yule mama amesimama mikono nyuma.

Msidhani nawapaka wenzangu mafuta. Wengi wao hawako tayari kushika wodi ya Kenya kesho asubuhi, na mkiwapa leseni bila kuwazoesha nitakuwa wa kwanza kulalamika. Muuguzi wa Kongo wa ngazi wanayoiita A2 alianza kusomea uuguzi akiwa bado kwenye umri wa sekondari. Wa A1 ndiye aliyepita chuo cha juu kwa miaka mitatu. Hawa wawili hawawezi kuwekwa kapu moja, na A2 si sawa na diploma yetu. Kiingereza cha mafaili kinawasumbua: daktari anaandika vifupisho vyake vya dawa, mara tatu kwa siku, mara moja usiku, na muuguzi wa Bujumbura anaviangalia kama maandishi ya mganga. Hawazijui rejista zetu, ile ya MOH 405 ya kliniki ya wajawazito na MOH 333 ya uzazi, ambazo hata sisi zinatutoa jasho mwisho wa mwezi. Hawajui ratiba yetu ya chanjo, na sasa bima ya afya ya SHA imechukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024 na sote tunajifunza upya.

Na hawaijui Turkana. Hapa mtu akija na tumbo limevimba polepole kwa miaka, bila homa, unafikiria uvimbe wa maji unaotokana na minyoo ya mbwa. Turkana imo kati ya sehemu zenye ugonjwa huo kwa wingi zaidi duniani, na muuguzi wa Bukavu pengine hajawahi kuuona. Mama wa Kiturkana akija kuzaa hataki kulazwa chali na kutazamwa na kila anayepita; anataka kupiga magoti, na anataka aliyekuja naye aingie. Muuguzi asiyejua hilo atamwona mkaidi, naye hatarudi. Haya yanafundishika kwa muda wa zamu kadhaa, akiwapo wa kufundisha. Vijana wetu wa kutoka Nyeri na Kisii wanayajifunza hivyo hivyo, nao hatuwaiti wageni.

Kinyume chake, yapo ambayo tungepaswa kuwa tunayachota kwao. Kati ya Agosti 2018 na Juni 2020 Ebola iliua zaidi ya watu 2,200 Kivu Kaskazini na Ituri, kule Kongo. Kila mara tetesi ya Ebola inapovuma Uganda, Kenya inaitisha semina hotelini. Kakuma kuna watu waliovaa zile nguo za plastiki kwa kazi, kwenye joto, wanaojua kwamba kuzivua ni hatari kuliko kuzivaa. Kala-azari nayo inaikumba Turkana mara kwa mara. Wauguzi wa Upper Nile, Sudan Kusini, wameitibu katika vijiji vyao tangu ilipofyeka watu kule vitani. Mpox ilipoingia Kenya mwaka 2024, Wakongo wa kambini walikuwa wanaijua kwa macho. Sikusikia kwamba aliulizwa hata mmoja.

Najua jibu mnaloliweka mbele, na ni zito: Wakenya wenyewe waliosomea kazi hii wako nyumbani. Ni kweli. Wenzetu walioajiriwa kwa mkataba chini ya mpango wa afya kwa wote, UHC, walikesha nje ya Afya House, makao ya Wizara ya Afya, mwaka 2025 wakidai kazi ya kudumu, na nina wapwa wenye diploma wanaoendesha bodaboda Lodwar. Sitaki mtoto wa Turkana aliyetoka chuo cha tiba cha KMTC Lodwar apitwe na mtu yeyote. Yeye awe wa kwanza, na nitaliandika hilo mara mia. Lakini angalieni uhalisi. Kazi ya zahanati za kambi inafanywa na wakimbizi leo hii, usiku huu. Leseni haitaongeza mtu mmoja kwenye zamu wala kumtoa mmoja, itamfanya aliyepo awajibike kwa jina lake. Tena insentivu ndiyo inayomwumiza Mkenya: mradi pana muuguzi wa bei rahisi asiye na karatasi, mwajiri hana haraka ya kuajiri mwenye mshahara kamili. Mlipeni sawa, mpimeni sawa, na kile kishawishi kinaisha.

Vyeti bandia? Vipo. Vinauzwa, na bei tunaijua. Hiyo ndiyo sababu ya kutahini mikono badala ya kusoma mihuri.

Ugumu wa mgeni nyinyi mnaujua kuliko mtu yeyote, kwa sababu mnawasafirisha wenu. Julai 2021 Kenya ilitiliana sahihi na Uingereza mkataba wa kupeleka wauguzi. Mwaka huo huo Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, akatangaza kwamba kati ya wauguzi 300 waliopelekwa kwenye mtihani wa Kiingereza, waliofaulu walikuwa 10. Nchi nzima iliona aibu, na wengi tukakasirika: watu waliosoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, waliohudumia wodi za Kenya kwa miaka, wanaambiwa lugha yao haitoshi. Baadaye wengi walijiandaa upya, wakarudia, wakaenda. Wakifika kule wanakuwa chini ya uangalizi mpaka wapite mtihani wa vitendo, wanashangazwa na mgonjwa anayemwita muuguzi kwa jina lake la kwanza, na kazi ya kumwogesha mzee ambaye kwetu angeogeshwa na wanawe. Wanatuandikia, wanasema ni ngumu. Lakini kuna mlango, una tarehe, una ada, na ukianguka unaambiwa umeanguka wapi. Muuguzi wa Uvira aliye Kakuma angefurahi kupata ugumu wa namna hiyo.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Kanada ilianza mwaka 2018 mpango wa majaribio wa kuchukua wakimbizi kwa ujuzi wao, na jimbo la Nova Scotia likaja kutafuta wahudumu wa wazee katika kambi zetu, Kakuma na Dadaab. Watu ambao Kenya haikuwa imewapima walipimwa na nchi iliyo ng'ambo ya bahari, wakapanda ndege.

Ninachoomba hakihitaji sheria mpya. Tumeni watahini Lodwar. Hospitali ya rufaa ya kaunti ipo, ina wodi zote mnazohitaji. KMTC ipo hapo hapo na vyumba vya vitendo. Mkiwa na wakunga wawili, mmoja wa watoto, mmoja wa upasuaji, na mkalimani wa Kifaransa na wa Kiarabu, kwa juma moja mtakuwa mmewaona wote wanaojiita wauguzi na kuwachambua. Mwekeni mtu mbele ya sanamu ya mama anayevuja damu baada ya kujifungua, mwangalie anaanza na nini. Hakuna cheti cha bandia kinachofahamu hilo. Mtihani wa maandishi uwe kwa Kiingereza, sawa. Lakini wa vitendo asikie maswali kwa lugha anayoielewa, na Kiswahili kiwemo, maana ndicho atakachomwambia mgonjwa.

Pale barua ya chuo au ya baraza haiwezi kupatikana, kubalini kiapo, mahojiano, na ushahidi wa waliofanya kazi naye. Si jambo geni. Norway ina utaratibu wa kumhoji mkimbizi asiye na karatasi na kuipa elimu yake thamani, na UNESCO walijaribu pasipoti ya sifa za wakimbizi Zambia mwaka 2019. Hizo hazitoi leseni ya uuguzi, na zisitoe. Zinasaidia tu kuanza.

Anayefaulu mpeni leseni ya muda, ya Turkana peke yake mkitaka, chini ya msimamizi aliyetajwa kwa jina, hadi athibitike. Lopiding panafaa kwa kazi hiyo; wazee wa pale tuliwahi kuwafundisha wageni. Anayepungukiwa, kama wengi wa A2, aonyeshwe amepungukiwa nini na aingizwe KMTC kwa muda unaolingana na upungufu wake, si kuanza upya tangu mwaka wa kwanza akiwa na miaka arobaini na watoto wanne. Anayeanguka aambiwe ameanguka. Na wote waliobaki kwenye zahanati, hata wale ambao hawatapata leseni, waandikwe kwenye faili kwa majina yao wanapogusa mgonjwa, ili usiku kama ule niliousimulia usomeke ulivyokuwa.

Gharama ya juma hilo naona inaweza kugawanywa kati ya kaunti, mashirika yanayoendesha zahanati, na wale wanaoufadhili Mpango wa Shirika. Fedha za semina moja ya hoteli Naivasha zingetosha sehemu kubwa. Wastaafu tulio Loki, Kakuma na Lodwar tuko tayari kusimamia zamu za majaribio bila kudai malipo, mradi mtupe barua ya kutuidhinisha.

Mkipanga tarehe, iandikieni mapema Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Kutoka Kakuma hadi Lodwar ni kama kilomita 120 za lami, lakini mkimbizi haruhusiwi kuzisafiri bila kibali, na vibali vya watu wengi kwa siku moja huchukua muda kutoka.

Wenu katika kazi,

Muuguzi mstaafu,
Lokichoggio, Turkana Magharibi.

Nakala: Idara ya Afya, Kaunti ya Turkana; Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, Kakuma; Idara ya Uhamiaji, Nairobi.